Volti 12 Zinatosha: Saketi Ndogo za Nyumbani



Nawashukuru waandaaji kwa kukubali mafundi na walimu waketi pamoja katika safu zile zile. Nilipoulizwa ningependa nani awepo, hilo ndilo ombi pekee nililotoa. Sababu yake nitaieleza mbele.

Nimeombwa nizungumzie elektroniki ya nyumbani. Nimekuja kutetea jambo moja: kwamba mahali panapofaa zaidi pa kujifunzia elektroniki ni nyumbani kwa mwanafunzi mwenyewe, kwa betri ya volti 12 au chini ya hapo, akitengeneza kitu ambacho nyumba yake inakihitaji. Nikisema saketi ndogo, nina maana ya ile yenye vipande visivyozidi 20, ambayo aliyeitengeneza anaweza kukueleza kazi ya kila kipande bila kufungua kitabu. Sharti hilo la mwisho ndilo kubwa. Tumezungukwa na vifaa vya elektroniki ambavyo hakuna mtu katika nyumba nzima anayeweza kueleza hata kipande kimoja ndani yake, na vikiharibika tunavitupa. Naamini tunaweza kuanza kubadili hali hiyo kwa rizista, transista na mfuko mmoja wa vitu vya bei ndogo. Nina hoja tano.

Hoja ya kwanza: tuweke mpaka, na mpaka huo uwe volti 12.

Umeme wa ukutani hapa kwetu Tanzania ni volti 230. Kwa majirani zetu Kenya ni 240. Huo unaua. Mtoto anayeanza hapaswi kuusogelea, na mtu mzima asiye na mafunzo vilevile. Lakini betri ya pikipiki, au ile iliyounganishwa na paneli ya sola, kwa ngozi kavu haina msukumo wa kupitisha mkondo wa kudhuru mwilini. Mwanafunzi anaweza kushika waya zake, kuzibadilisha, kugusa hapa na pale kwa ncha za mita, na kufikiri kwa utulivu. Tena nyumba nyingi zilizo mbali na gridi tayari zinaishi kwa volti 12 za sola. Kwa hiyo mpaka huu haumfungi mtu. Unamwachia kazi tele.

Hata hivyo volti 12 zina hatari zake, na napenda zisemwe wazi. Ukigusanisha ncha mbili za betri ya asidi kwa waya, mkondo mkubwa unapita, waya unawaka na mpira wake unayeyuka mkononi. Ndiyo maana fyuzi ya ampea 1 inawekwa karibu kabisa na ncha chanya ya betri, kabla ya kitu kingine chochote, hata kama saketi yenyewe inatumia kidogo mno. Betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka ikikutana na cheche, basi usichomee solda juu yake wala usiifungie katika kasha lisilopitisha hewa.

Kuna jambo jingine ambalo nawaomba wazazi walisikie. Ipo michoro inayozunguka, inayoonyesha jinsi ya kupata volti chache kutoka ukutani bila transfoma, kwa kutumia kapasita moja na dayodi. Ni rahisi kutengeneza na vipande vyake ni vichache, lakini kila sehemu ya saketi hiyo imeungana moja kwa moja na umeme wa ukutani. Kijana akiniletea mchoro wa namna hiyo nitamwambia auweke pembeni. Vilevile chaja au runinga iliyochomolewa muda huu bado inaweza kuwa na kapasita iliyojaa volti zaidi ya 300, kwa sababu volti 230 zikinyooshwa hufikia kilele cha kama 325. Vitu hivyo vifunguliwe na fundi anayejua kuvimaliza umeme.

Hoja ya pili: hesabu moja inatufikisha mbali.

Hesabu hiyo ni ya Georg Simon Ohm. Walimu wanaijua, ninapenda mafundi wamjue mtu mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1789 katika mji wa Erlangen, Ujerumani, na baba yake alikuwa fundi wa makufuli. Mwaka 1827, alipochapisha kitabu chenye kanuni yake, kazi iliyokuwa ikimlisha ilikuwa ualimu wa shule huko Köln. Mtoto wa fundi aliyekuwa mwalimu: ni haki yake kutajwa katika ukumbi wa namna hii.

Kanuni yenyewe inasema kwamba volti ni mkondo mara ukinzani. Kwa asiyewahi kuisikia, fikiria maji ya tangi lililo juu ya nyumba. Kimo cha tangi ndicho msukumo, yaani volti. Maji yanayopita kwenye bomba ndiyo mkondo, tunaoupima kwa ampea. Na wembamba wa bomba ndio ukinzani, tunaoupima kwa omu. Inua tangi, maji yanaongezeka. Finya bomba, yanapungua.

Sasa tuitumie. Tunataka taa ya LED kwa betri ya volti 12. LED nyeupe ya kawaida, ile ndogo ya milimita 5, inahitaji kama volti 3 na mkondo wa miliampea 20. Ukiiunganisha moja kwa moja na betri inakufa papo hapo, kwa kuwa LED yenyewe haina uwezo wa kuuzuia mkondo. Rizista ndiyo inayouzuia. Tukiweka LED moja peke yake, volti 9 zilizobaki zinaangukia kwenye rizista na kugeuka joto. Robo tatu ya umeme wa betri inapotea. Tukizipanga LED tatu kwa mfuatano, zinakula volti 9, zinabaki 3 tu kwa rizista, na robo tatu ya umeme inakwenda kwenye taa. Vipande ni vile vile, mpangilio tofauti, na betri inadumu.

Rizista iwe ya kiasi gani? Vitabu vingi vitafanya hesabu hivi: volti 3 gawanya kwa ampea 0.02, jibu omu 150. Hapa naomba msimame nami kidogo. Betri iliyoandikwa 12 haikai kwenye 12. Jua likiwa kali na paneli ikichaji, inafika hadi 14.4. Wakati huo rizista inabeba volti 5.4, na ukigawanya kwa 150 unapata miliampea 36. LED zako zitachoka mapema, na hutajua kwa nini. Hesabu ifanywe kwa volti ya juu kabisa ambayo nyumba yako itaiona: 5.4 gawanya kwa 0.02 ni omu 270. Jioni betri ikishuka hadi 12, mkondo utakuwa miliampea 11, na taa bado inaonekana vizuri. Tena volti 5.4 mara ampea 0.02 ni kama wati 0.11, kwa hiyo rizista ya robo wati inatosha bila kupata joto la kutisha.

Vijana, omu 270 mtaitambua kwa rangi: nyekundu ni 2, zambarau ni 7, kahawia inasema ongeza sifuri moja. Mstari wa dhahabu pembeni unaeleza kwamba thamani inaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 5. Jifunzeni rangi kumi kuanzia nyeusi hadi nyeupe. Ni kazi ya jioni moja, na hamtazisahau.

Nimekaa sana kwenye LED tatu na rizista moja kwa makusudi. Mwanafunzi aliyeelewa kwa nini ni 270 badala ya 150 ameanza kufikiri kama mhandisi, maana ameacha kuamini namba iliyoandikwa kwenye kasha na ameanza kuuliza kinachotokea saa sita mchana.

Hoja ya tatu: saketi ianze kwenye kero.

Madukani wanauza vifurushi vya kujifunzia vyenye taa zinazokonyeza na vyombo vinavyolia. Sina ugomvi navyo. Lakini taa inayokonyeza bila sababu inafurahisha siku mbili, kisha inasahaulika kwenye droo ya mwisho. Mwambie kijana aangalie nyumba yake na ajiulize ni jambo gani linaisumbua. Kwa nyumba nyingi za mijini jibu la kwanza litakuwa maji.

Tunajua sote ilivyo. Maji ya bomba yanakuja usiku, au kwa zamu. Pampu inawashwa, tangi liko juu, hakuna anayeliona, na ishara ya kwanza kwamba limejaa ni maji kumwagika kwenye kuta na uani. Maji yamelipiwa, umeme wa pampu umelipiwa, na vyote vimemwagika.

Kengele ya tangi inahitaji vitu hivi: transista mbili za BC547, rizista ya kiloomu 10, rizista ya megaomu 1, kapasita ndogo ya maikrofaradi 0.1, baza ya volti 12 inayolia yenyewe ikipewa umeme, na vijiti viwili vya chuma kisichoshika kutu. Kijiti kimoja kinafika chini kidogo ya kiwango unachotaka, kingine kinaishia kwenye kiwango chenyewe. Cha kwanza kinaungwa na chanya ya betri. Cha pili kinapitia rizista ya kiloomu 10 kwenda kwenye mguu wa kati wa transista ya kwanza, ule wanaouita besi. Maji yakigusa vijiti vyote viwili, mkondo mdogo mno unapita ndani ya maji. Transista ya kwanza inaukuza na kuupeleka kwenye besi ya pili, ya pili inaukuza tena, na baza inalia.

Kwa nini transista mbili? Kwa sababu maji hayafanani. Maji ya kisima cha pwani yenye chumvi hupitisha umeme vizuri, na transista moja ingetosha. Maji ya mvua yaliyovunwa kwenye bati yana chumvi kidogo sana na hupitisha kwa shida. Transista moja ikikuza mara 100, mbili zikifuatana hukuza kama mara 10,000, na kengele ile ile inafanya kazi Tanga na Iringa. Rizista ya megaomu 1 inawekwa kati ya besi ya kwanza na hasi, na kapasita ya 0.1 sambamba nayo. Bila hizo, waya mrefu unaopanda hadi paani unanasa mvumo wa umeme wa nyumba, na baza inanong'ona hata tangi likiwa tupu. Ukiona inalia kwa sababu tu ukuta wa tangi umepata unyevu, ondoa megaomu 1, weka kiloomu 100; usikivu utapungua kama mara kumi.

Juu ya vijiti sitaki pawe na njia ya mkato. Mkondo wa moja kwa moja ukipita majini hula chuma cha upande wa chanya. Ukitumia waya wa shaba, ndani ya miezi utaona ukijani, na shaba hiyo inaingia kwenye maji ambayo watoto watakunywa. Tumia chuma kisichoshika kutu, cha aina ya vijiko na sufuria. Mpangilio nilioueleza una faida nyingine: mkondo hauna njia ya kupita mpaka tangi lijae. Maji yakitumika kidogo tu, kijiti cha juu kinabaki hewani na ulaji unasimama. Saa nyingi za siku saketi haitumii kitu.

Sharti jingine ni kwamba kengele hii itumie betri, isitumie adapta ya ukutani. Adapta hafifu ikivuja ndani, umeme wa volti 230 unaweza kupanda kwenye vijiti na kuingia kwenye maji ya nyumba nzima. Na msijaribu kuifanya saketi hii izime pampu yenyewe. Pampu ni ya fundi umeme aliyesomea. Kengele inamwita mtu, mtu anazima swichi, na mpaka wa hoja ya kwanza unabaki mahali pake.

Kero ya pili ni giza, na hii nitaipitia haraka. Kipande kinachoitwa LDR hubadili ukinzani wake kwa mwanga: juani ni omu mia chache, gizani hufikia megaomu. Unga rizista ya kiloomu 47 kutoka chanya hadi besi ya BC547, na LDR kutoka besi hadi hasi. Mchana LDR inaushusha mkondo wote chini, besi haifikii volti 0.6 inayohitaji, na transista inalala. Giza likiingia, LDR inagoma, mkondo wa kama miliampea 0.24 unaingia kwenye besi, na safu yetu ya LED tatu inawaka mlangoni bila mtu kugusa swichi. Kinga LDR isipigwe na mwanga wa taa yenyewe. La sivyo taa itajizima kila inapojiwasha, na utaiona ikitetemeka. Kwa safu nyingi zaidi tafuta transista kubwa zaidi.

Niseme pia neno kuhusu miguu. BC547 ukiishika upande wa bapa ukikutazama na miguu ikielekea chini, kushoto ni kolekta, katikati besi, kulia emita. Lakini 2N3904, inayofanana nayo kabisa kwa umbo, imepangwa kinyume: emita iko kushoto na kolekta kulia. Fundi akikupa moja badala ya nyingine, soma maandishi kabla ya kuchomea.

Hoja ya nne: muda una bei.

Saketi inayofuata ni taa inayojizima. Ukibonyeza kitufe mlangoni mwa choo cha nje, au chini ya ngazi, taa inawaka kama dakika mbili kisha inazima yenyewe. Chipu inayofanya kazi hiyo ni 555, iliyobuniwa mwaka 1971 na Hans Camenzind, Mswisi aliyekuwa akiishi Marekani, kwa ajili ya kampuni ya Signetics, na ikaingia sokoni mwaka 1972. Ubunifu wake wa kwanza ulihitaji miguu tisa. Kisha akagundua kwamba sehemu moja ya ndani, iliyokuwa ikitoa mkondo usiobadilika, ingeweza kuondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na rizista ya kawaida, na chipu ikatosha katika kasha dogo la miguu minane. Zaidi ya miaka 50 imepita na bado inatengenezwa.

Walimu wa hisabati, hapa pana zawadi yenu. Ukibonyeza kitufe, kapasita inaanza kujaa kupitia rizista. Chipu inaitazama, na ikifika theluthi mbili za volti ya betri, inazima taa na kuimwaga kapasita. Muda wake ni 1.1 mara rizista mara kapasita. Hiyo 1.1 inatokana na logi asilia ya 3, ambayo ni 1.0986. Chukua kiloomu 470 na maikrofaradi 220: unapata sekunde 114 hivi. Mwanafunzi anayeuliza logi zina kazi gani maishani apewe saa ya mkononi na kitufe.

Tena angalieni ustadi uliomo. Kwa kuwa chipu inalinganisha kapasita na sehemu ya volti ya betri yenyewe, betri ikiwa 11.8 au 14.4 muda unabaki ule ule. Kapasita inajaa haraka zaidi kwa volti kubwa, lakini alama inayopaswa kuifikia nayo imepanda kwa kiasi hicho hicho. Ni wazo linalonipa furaha kila ninapolieleza. Kitakachobadilisha muda ni kapasita, maana zile za maikrofaradi nyingi mara nyingi hupungua au huzidi kwa asilimia 20.

Mguu wa 3 unatoa amri. Usiunge LED moja kwa moja hapo, kwa sababu 555 ya kawaida hupoteza karibu volti 1.7 ndani yake, na LED tatu za mfuatano zitafifia. Pitisha amri kwenye rizista ya kiloomu 4.7 hadi besi ya BC547, na transista ibebe safu hadi nne.

Sasa bei. Chipu hii, hata taa ikiwa imezimwa, inakunywa umeme: kama miliampea 10 kwa volti 15, na si chini sana ya hapo kwa betri yetu. Tukihesabu 10, kwa saa 24 ni ampea-saa 0.24. Betri ya ampea-saa 7 isiyochajiwa ingekauka kwa mwezi mmoja, ikisubiri tu kitufe kibonyezwe. Dada yake, 7555, iliyotengenezwa kwa teknolojia ya CMOS, ina miguu iliyopangwa vile vile na inatumia sehemu ndogo sana ya mkondo huo. Kwa nyumba ya sola tofauti hiyo ni kubwa. Nawasihi wanaofundisha: pamoja na swali la "inafanya kazi?", mwanafunzi aulizwe pia "ikiwa imelala, inakula kiasi gani?" Apime kwa mita, aandike ubaoni.

Hoja ya tano, na hapa narudi kwa ombi langu kwa waandaaji: fundi na mwalimu wanahitajiana.

Mwalimu ana kanuni ya Ohm, lakini mara nyingi maabara yake haina mita hata moja nzima. Fundi ana mita, ana chuma cha solda, ana mikono inayojua kwa kugusa kama solda imeshika au imelala juu juu. Ana pia shehena ya redio na chaja zilizokufa, na ndani yake kuna rizista, dayodi, rilei, spika na vibamba vya kupozea joto. Anayekaa Dar es Salaam atapata vipande vipya Kariakoo, wa Nairobi atakwenda Luthuli Avenue. Wa wilaya ya mbali anavyo kwa jirani yake fundi, kama wakizungumza. Vikichukuliwa vipande vya zamani, kila kimoja kipimwe kwanza. Kapasita iliyovimba kichwa itupwe. Na tafadhali, waya zisichomwe moto ili kupata shaba; moshi wa mpira ule ni sumu kwa anayeuvuta na kwa mtaa mzima.

Solda nyingi tunayotumia ina risasi ndani yake, kwa kawaida asilimia 40 kwa 60 ya bati. Dirisha liwe wazi, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na mtoto asiuweke waya wa solda mdomoni. Mafundi wa zamani huushika kwa meno ili mikono iwe huru. Kaka zangu, kwa heshima, tuache. Vijana wanatutazama.

Kitu ambacho hatuna bado ni daftari. Mmarekani Forrest Mims alitoa mwaka 1983 kitabu cha kuanzia elektroniki ambacho kurasa zake ziliandikwa na kuchorwa kwa mkono, na watu wengi walioingia katika kazi hii waliingilia mlango huo. Mchoro, maneno machache, thamani za vipande, basi. Ningependa kuona daftari la namna hiyo kwa Kiswahili, lenye saketi za nyumba zetu: tangi letu, sola yetu, volti yetu ya saa sita mchana. Mwalimu aandike hesabu, fundi achore na kuandika pale ambapo watu hukosea. Kila saketi iwe imejengwa na kutumika nyumbani kwa mtu msimu mzima wa mvua kabla ya kuingizwa.

Napendekeza ukurasa wa kwanza tuufanye pamoja, na uwe mlinzi wa betri. Betri ya asidi ikiachwa imeisha, ndani yake hujengeka fuwele za salfeti zinazokuwa ngumu kadiri siku zinavyopita, na haipokei chaji kama zamani. Betri ndicho kifaa ghali kinachokufa mapema katika nyumba za sola. Tunahitaji saketi inayokata taa volti zikishuka hadi kama 11.5. Ugumu wake ni huu: mara taa zikikatwa, betri inapumzika na volti zinapanda zenyewe, saketi inadhani mambo ni mazuri, inawasha, zinashuka, inakata, usiku kucha. Kwa hiyo lazima iwe na alama mbili, ya kukata kwenye 11.5 na ya kurudisha kwenye kama 12.6, ambayo haitafikiwa mpaka jua lichaji. Chipu ya kulinganisha volti, kama LM393, na dayodi ya zena ya kuwa kipimo thabiti vinatosha kwa uamuzi. Swali ninalowaachia mafundi ni la kukata kwenyewe: rilei ya kawaida ya volti 12 hula kama miliampea 30 muda wote inaposhikilia, na mlinzi hapaswi kumaliza anacholinda. Je, tutumie transista ya aina ya MOSFET? Ipi inapatikana hapa mjini kwa bei ya mwanafunzi? Kengele ya tangi na taa ya giza ziko mezani pale, zimefunguliwa vifuniko ili kila waya uonekane, na mita tatu ziko tayari. Napenda maswali yaanze na mafundi.